Gololi ya Tisa ya Ebbercote

Zamani pale kijijini kwetu Ebbercote, mtu akikurudishia kitu chako kikiwa kizima, bila ufa wala doa, ulimwambia ana mkono wa Tuffrey. Sifa kubwa kuliko hiyo haikuwepo. Enid Tuffrey alizaliwa nayo, kama mwingine anavyozaliwa na pua ya babu yake, na kwa miaka hamsini na miwili hakuwahi kufikiri kwamba inaweza kumtoka.

Ukoo wao ndio uliokuwa ukishika mfuko. Ulikuwa mfuko wa ngozi, mweusi kwa kushikwashikwa, na ndani yake gololi tisa za mti wa holi, ule wenye majani ya miiba na matunda mekundu. Kila gololi ilikuwa na ukubwa wa yai la njiwa na imechongwa jina la nyumba: Odo, Parnel, Crane, Fulke na nyingine tano. Wenye majina hayo walikufa kabla hata mnara wa kanisa haujajengwa, lakini nyumba zao zilibaki, na kila nyumba ilikuwa na haki yake ya nyasi katika mbuga iliyo kando ya mto. Mbuga hiyo ina vipande tisa, na vipande havilingani. Kipo ambacho nyasi zake zinakufikia kiunoni, na kipo cha kando ya mtaro ambamo unavuna matete na vyura. Kwa hiyo kila mwaka, Jumatatu ya kwanza baada ya siku ya Mtakatifu Petro, watu walisimama mbugani, mshika mfuko akatia mkono, na jina lililotoka ndilo lililokata nyasi za kipande kile. Hiyo ndiyo iliyoitwa kura: hakuna aliyechagua. Ndivyo majirani walivyoweza kuishi pamoja miaka mia na mia bila kutoana macho kwa ajili ya chakula cha ng'ombe.

Ardhi yenyewe ni ya jumba kubwa. Watu walikuwa na nyasi tu, na hizo nyasi walikuwa nazo kwa karatasi iliyolala katika sanduku la kanisa. Karatasi haikuwa na maneno mengi. Ilisema gololi tisa za holi zenye majina tisa zitolewe mbele ya watu na mbele ya mtu wa jumba, kabla ya kengele ya saa sita ya mchana. Mwaka wowote zisipotolewa hivyo, nyasi zirudi kwa jumba.

Kwa miaka mingi hilo halikumsumbua mtu. Lakini kufikia mwaka wa 1957 jumba lilikuwa na msimamizi mpya, aliyeingia mwaka uliotangulia, Bwana Lorrimer, mtu mwembamba mwenye viatu safi hata siku ya mvua. Chini ya mbuga ile kulikuwa na changarawe. Kijiji cha jirani walikwisha kuuza yao, na watu wa Ebbercote walikwenda Jumapili moja kutazama: mahali walipokuwa wakilala ng'ombe palikuwa na madimbwi ya maji ya kijivu na mashine inayonguruma.  Kila mtu alijua kwamba Bwana Lorrimer anasubiri mwaka mmoja tu uharibike.

Na mwaka huo ndio Enid angeshika mfuko mara ya kwanza peke yake. Baba yake, mzee Amos, alizikwa mwezi wa pili, theluji ikiwa bado makaburini.

Huyo Amos alikuwa mtu. Kila mwaka mtu wa jumba alipouliza, kama desturi inavyotaka, "Ndizo hizi tisa?" Amos alinyoosha shingo na kujibu kwa sauti iliyovuka mto: "Tisa zilizoingia mkononi mwa Tuffrey ndizo tisa zinazotoka." Watoto wa kijiji waliyajua maneno hayo kabla hawajajua sala. Enid alikuwa mwanawe pekee. Shule aliacha akiwa na miaka kumi na mitatu, akaosha vyombo katika jiko la jumba kwa miaka miwili, kisha mama yake akaugua naye akarudi, na hakutoka tena. Alikuwa na ng'ombe wake wanne, mkono mzuri wa siagi, na ulimi usiobembeleza mtu. Mwanamume mmoja, mchunga ng'ombe jina lake Wilfred Ayliffe, alimposa na kutaka waende Kanada. Enid alimuuliza mfuko utashikwa na nani. Wilfred alingoja mwaka mzima apate jibu lingine, kisha akapanda meli peke yake.

Basi usione ajabu kwamba Jumamosi ile, siku mbili kabla ya kura, Enid alipoufungua mfuko ili azipake gololi mafuta ya kitani, na akazipanga mezani, na zikawa nane, alikaa sakafuni.

Alihesabu tena. Alipindua mfuko, akautia mkono mpaka mshono wa chini. Iliyokosekana ilikuwa Parnel.

Kwanza alifikiri wezi, halafu akaona aibu kwa kufikiri hivyo, maana mfuko haukutoka nyumbani. Alipekua nyumba yote. Alitoa majivu mekoni akayachekecha, akavuta kabati kutoka ukutani, akafungua magodoro. Ilipofika alasiri akaingia chumba cha baba yake, ambacho hakuwa amekigusa tangu msiba. Mwaka wake wa mwisho mzee alikuwa amepotewa na akili kidogo. Alipenda kukaa na mfuko mapajani akizungusha gololi moja moja mkononi kama mtu anayekoboa njugu, na Enid alimwachia kwa sababu ilimtuliza. Alivuta mtoto wa meza kando ya kitanda. Ndani, juu ya leso, kulikuwa na kokwa kavu ya mti mkubwa wa njiani.

Aliiokota kokwa ile.

Wazee wa kwetu wote walitembea na kokwa ya namna hiyo mfukoni. Ni dawa ya baridi yabisi. Unaibeba mpaka inakuwa ngumu kama jiwe, na magoti hayakuumi, au yanakuuma kidogo kuliko ya jirani. Amos alikuwa nayo miaka thelathini. Na siku Enid alipomvika baba yake nguo za mwisho, alipofunga vifungo vya kile kizibao chake cha Jumapili, mkono wake ulipita juu ya mfuko mdogo wa kifuani na kugusa kitu cha mviringo. Alisema moyoni, ni kokwa yake, mwache aende nayo, huko nako kuna unyevu. Akafunga kifungo.

Sasa kokwa ilikuwa hapa, mkononi mwake.

Alikwenda kwa kasisi akiwa hata hajavua aproni. Kasisi wetu wakati huo alikuwa Mchungaji Pelly, mtu wa taratibu, aliyekuwa na kigugumizi akiwa nje ya mimbari. Enid alimweleza yote akiwa amesimama. Aliuliza kama kaburi linaweza kufunguliwa kesho. Mchungaji Pelly alisema kwamba kaburi la Kikristo halifunguliwi kama kabati la vyombo. Lazima aandikiwe askofu, askofu aketi na wanasheria wake, na wakifanya haraka sana itakuwa baada ya Krismasi. Enid aliuliza kama askofu ana ng'ombe. Kasisi alisema hajui. Kisha akamshauri aseme ukweli mbele ya watu. Enid akamwambia ukweli ni rahisi kwa mtu ambaye hana changarawe chini yake, akamwapisha asifungue mdomo, akaenda zake.

Njiani alipiga hesabu ya maneno. Akisema imepotea, Bwana Lorrimer atafunga kitabu na mashine itakuja. Akitengeneza nyingine na asiseme, hakuna atakayejua. Na kulikuwa na jambo jingine lililomchoma kuliko yote: katika gololi tisa, Parnel ndiyo ilikuwa ya nyumba ya Jessamy Hone.

Jessamy na Enid hawakuwa wamesalimiana kwa miaka ishirini na mitatu. Baba yake Jessamy, Job Hone, alikuwa fundi wa magurudumu ya mikokoteni, mtu mpole, mpenda bia. Mwaka 1934 Amos aliugua mapafu wiki ya kura, na Job akajitolea kushika mfuko kwa siku hiyo moja. Amos alitoka kitandani akihema, akafungwa blanketi, akapelekwa mbugani juu ya kiti, na mbele ya watu wote akasema afadhali afie pale kuliko mfuko uingie mkono usio wa Tuffrey, maana mikono mingine hupoteza vitu. Watu walicheka. Enid naye alicheka, tena kwa sauti. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Job Hone alivaa kofia yake akarudi karakana, na toka siku hiyo Jessamy akimwona Enid njiani alitazama ua wa miti kama vile ndio uliompita.

Sasa watu watasema nini, Parnel ikipotea mikononi mwa Enid? Watasema ameitupa mtoni kwa makusudi.

Jumapili, watu walipokuwa kanisani, Enid alifanya kazi. Maisha yake yote hakuwahi hata kushona kifungo siku ya Jumapili. Nyuma ya zizi kulikuwa na tawi la holi ambalo baba yake alilikausha ili apate fimbo. Alikata kipande, akakichonga kwa kisu, akakisugua kwa mchanga hadi kikawa cha mviringo. Jina alilichoma kwa sindano ya kufumia iliyotiwa motoni, kisha akalifuata kwa ncha ya kisu. Alijikata kidole mara mbili. Mbao ilikuwa nyeupe kama jino. Aliitumbukiza katika sufuria ya chai nzito, akaiacha humo mpaka jioni, akaipaka mafuta na masizi. Alipoiweka katikati ya zile nane, ilifanana nazo kabisa. Badala ya kufurahi alizitia zote mfukoni bila kuzitazama tena.

Jumatatu saa nne asubuhi watu wote walikuwa mbugani. Kulikuwa na jua, na nyasi zilikuwa zimeiva mwaka ule kuliko miaka mingi. Mafyekeo yalikuwa yameegemezwa kwenye ua, na mashine mbili za kukatia zilisimama langoni kwa ajili ya vipande vikavu. Bwana Lorrimer alikuja na karani wake na kioo cha kukuzia, kitu ambacho mtu wa jumba hakuwahi kuja nacho. Mchungaji Pelly alileta karatasi kutoka katika sanduku la kanisa. Alimtazama Enid mara moja, akainamisha macho.

Bwana Lorrimer alianza kwa maneno mengi. Alisoma karatasi yote, polepole, akauliza nyumba zote tisa zipo, akaita mmoja mmoja. Mzee Silas Mobbs, wa nyumba ya Crane, ambaye hakuwa na subira na mtu yeyote aliyezaliwa baada ya vita vya Makaburu, alinong'ona kwa sauti ya kusikika: "Huyu anataka saa sita itukute anatuita majina." Watu walicheka kidogo, lakini si kwa raha. Saa ya mnara ilikuwa imekwisha kugonga saa tano.

Kisha gololi zilimwagwa juu ya jiwe la lango. Bwana Lorrimer aliinama na kioo chake, akazigeuza moja moja.  Parnel iligeuzwa, ikatazamwa, ikawekwa pembeni pamoja na nyingine. Msimamizi alijinyoosha. Hakuona kitu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesafiri bure.

"Vema," alisema. "Ndizo hizi tisa?"

Yalibaki maneno tu. Maneno yale aliyoyasikia akiwa tumboni. Enid alifungua mdomo, na watu wakangoja ile sauti ya kuvuka mto. Aliwaona wote: Silas na kofia yake ya majani, watoto waliokaa juu ya lango tayari kuyasema pamoja naye, Jessamy Hone mwisho kabisa, mikono ameikunja, akitazama mahali pengine.

"Ni nane," Enid alisema.



"Ni nane. Hii ya tisa nimeichonga jana, wakati ninyi mpo kanisani. Nimeitia chai ili ionekane ya zamani. Ile yenyewe iko kaburini kwa baba, mfukoni mwa kizibao chake. Niliishika kwa mkono huu nikadhani ni kokwa."

Kuna mtu aliyecheka, kicheko kile cha woga, akakikatiza katikati. Jessamy Hone alisogea mbele, watu wakampisha. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye nywele nyeupe na mikono ya babake.

"Ni ipi?"

"Parnel."

"Kati ya zote tisa."

"Bi Jessamy, naapa mbele ya Mungu na—"

"Usiape. Nilikuwepo msibani, nilikuona ulivyokuwa. Hukuwa unajua unavaa viatu vya nani." Aligeuka kwa msimamizi. "Haya, na wewe unasemaje?"

Bwana Lorrimer alikuwa amepata rangi usoni. Alisema kwa adabu kubwa kwamba anasikitika. Karatasi inataja gololi tisa, na mshika mfuko mwenyewe amekiri ziko nane na kitu cha kuigiza. Zilizotolewa kwa babu zao ndizo zilizotajwa, si nyingine. Kwa hiyo kura ya mwaka huu haiwezi kufanyika, na jumba litachukua nyasi zake. Alimwambia karani aandike saa: tano na dakika kumi na tano.

Hapo makelele yakaanza. Silas Mobbs alimwita msimamizi jina ambalo siliandiki. Wengine walimgeukia Enid. Mmoja alimwuliza kwa nini asingenyamaza tu, maana yule bwana hakuona kitu, na mke wake akamkanyaga mguu. Mchungaji Pelly alijaribu kusema neno akakwama kwenye herufi ya kwanza. Enid alisimama kando ya jiwe, mikono imening'inia. Hakuna aliyemgusa wala kumsogelea. Alipoinua macho kumtafuta Jessamy, hakumwona mahali pake. Jessamy alikuwa amekwisha kupita lango na anapanda njia ya kijijini, mbio za mtu wa miaka sitini mwenye nyonga mbovu.

"Hata yeye kaondoka," alisema mtu. "Mnamlaumu?"

Zilipita dakika kumi, zikapita kumi na tano. Bwana Lorrimer alitaka kwenda, lakini Silas alikuwa amekaa juu ya kidaraja cha mtaro kilicho mbele ya lango, fyekeo mapajani, na akasema atasogea saa sita ikigonga, si kabla. Kabla ya hapo bado ni siku ya kura na anapumzika mahali pake.

Saa tano na dakika thelathini na mbili Jessamy alirudi. Alikuwa mwekundu, jasho linamtiririka, hawezi kusema. Alifungua ngumi na kuweka juu ya jiwe kipande cha mbao nyeusi, nusu ya mviringo, upande mmoja umeliwa na moto. Juu ya upande mzima mtu aliweza kuona herufi mbili za kwanza za jina: O na D.

"Hii ndiyo Odo," alisema alipopata pumzi. "Odo halisi. Iliungua mwaka wa mafuriko, mwaka ishirini na sita. Mfuko uliloa, Amos Tuffrey akazianika gololi kando ya meko, moja ikabingirika ndani. Akaja kwa baba kwa mlango wa nyuma. Alikuwa analia. Baba akampa holi kavu na kisu kizuri, na Amos akachonga nyingine palepale juu ya benchi letu. Nilikuwa nimeshika taa. Hii iliyoungua ikabaki kwetu. Baba akaapa hatasema, na hakusema. Mimi hakuna aliyeniapisha."

 Bwana Lorrimer aliokota kile kipande, akakizungusha. Alisema kila nyumba ya Ebbercote ina mbao zilizoungua, na kuchora herufi mbili si kazi. Huyu mama naye ana faida yake, nyasi ni zake. Kama ni ushahidi, ushahidi utoke kwa mshika mfuko, ambaye ukoo wake ndio uliokuwa na mfuko. Alimgeukia Enid. Sauti yake ilikuwa laini.

"Bibi Tuffrey. Marehemu baba yako alisimama hapa kila mwaka akasema tisa zilizoingia ndizo zinazotoka. Unataka kuniambia alikuwa anadanganya?"

 Enid aliichukua Odo, ile nzima, kutoka katika kundi. Alikuwa ameipaka mafuta tangu akiwa msichana, na hakuwahi kuitazama. Mtu hatazami kijiko anacholia kila siku. Sasa aliiinua juani. Kisha akaichukua Fulke akaiweka kando yake, akachukua Crane.

Amos Tuffrey alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Alichonga vijiko vya mbao kila kipupwe, na nyumba nyingi za Ebbercote zilikuwa navyo, na mtu yeyote aliyewahi kuosha vijiko hivyo alijua kwamba kisu chake kinalala upande usio wa kawaida. Katika Fulke, katika Crane, katika ile gololi iliyoungua, kila mkato ulizama kutoka kulia. Katika Odo ile nzima ulizama kutoka kushoto.

Alizikagua tena, pengine jicho limemdanganya. Halikumdanganya. Alimkumbuka Job Hone akivaa kofia yake. Alikumbuka kicheko chake mwenyewe nyuma ya kiti.

Saa ya mnara ilikuwa saa tano na dakika thelathini na tisa.

"Hii kaichonga baba," Enid alisema. Sauti haikuwa kubwa, na watu wa nyuma walilazimika kusogea. "Mikato ni yake. Nipeni kijiko chochote alichochonga niwaonyeshe, hata mtoto ataona. Bi Jessamy amesema kweli. Baba alisimama hapa miaka thelathini akasema uongo. Na mzee Job alijua, akavumilia kutukanwa na sisi."

Alisema "sisi". Jessamy alilisikia; aliinua kidevu.

Silas Mobbs, akiwa bado juu ya kidaraja chake, ndiye aliyeona mlango wa kutokea uko wapi. Aliuliza tangu mwaka ishirini na sita ni nani aliyekuwa anaweka sahihi upande wa jumba. Mchungaji Pelly, ambaye kwa mara ya kwanza hakukwama hata kidogo, alisema majina yote ya wasimamizi yapo mgongoni mwa karatasi, miaka thelathini na moja, mwaka kwa mwaka, na la mwisho ni la Bwana Lorrimer mwenyewe, wa mwaka jana. Basi, alisema Silas, jumba limekubali gololi iliyochongwa upya mara thelathini na moja. Au linakubali na ya leo, au liende mahakamani likaeleze lilikuwa linaweka sahihi juu ya nini.

Msimamizi alimtazama karani wake. Karani alitazama viatu vyake. Dakika mbili nzima zilipita hivyo, Bwana Lorrimer akigeuzageuza kioo vidoleni, na kila mtu akijua kwamba akiendelea kunyamaza tu, saa itamfanyia kazi yake.

"Mwekeeni huyu kiti," Jessamy alisema, "labda anataka kuzeeka hapa."

Bwana Lorrimer alisema endeleeni. Alisema atawaandikia wanasheria. Lakini alisema endeleeni.

Kura ya kawaida huchukua saa nzima, kwa sababu watu hutembea kipande hadi kipande, hukata alama ya jina majanini na kunywa kidogo kila mpaka. Siku ile walikimbia. Enid alikimbia mbele na mfuko, sketi ameishika kwa mkono mmoja, watu wote nyuma yake, kasisi ameshika karatasi juu ya kichwa, Silas analaani magoti yake. Fulke, kipande cha kwanza. Odo, cha pili.  Crane alipata cha nne chenye nyasi nzuri, Silas akasema hana muda wa kufurahi. Parnel, ile mpya, ilitoka ya saba, bado inanuka chai. Ya nane ilitoka wakiwa wamebakiza dakika moja, na ya tisa Enid aliitaja akiwa kwenye matope ya mtaro, akitweta, mguu mmoja umezama mpaka kwenye goti. Ilikuwa ya nyumba yake mwenyewe, na kipande kilikuwa kile cha matete na vyura. Karani hakuwa amemaliza kuandika jina kengele ilipoanza kugonga.

Hakuna aliyeshangilia. Watu walikaa majanini walipokuwa, wakapumua.

Mchana wakaanza kukata. Kipande cha saba na cha tisa vinapakana pembeni, pale ambapo mashine haiwezi kuingia kwa ajili ya tope, kwa hiyo wanawake wale wawili walijikuta wanafyeka hatua ishirini mmoja kutoka kwa mwenzake. Watu walitazama kwa mbali wakijifanya hawatazami. Enid alikata vibaya. Matete yanamaliza makali upesi. Saa tisa ikagonga, saa kumi ikagonga.

"Ulikuwa unajua?" Jessamy aliuliza, bila kuacha kufyeka.

"Sikujua."

"Baba alikufa akiamini unajua."

Enid alisimama. Akatoa jiwe la kunolea kiunoni na kuanza kunoa fyekeo lake. Jiwe lilikwaruza chuma mara tatu, mara nne. Jessamy alivumilia mara ya tano, kisha akatupa fyekeo lake chini, akavuka mpaka na kuja juu ya matope.

"Ukinoa hivyo utajikata mguu," alisema. "Lete hapa."